Ukihama, hama na roho yako

Haya niliyaongea siku tuliyovunja kikoba chetu cha kuweka akiba hapa Dodoma, mdogo wetu mmoja alikuwa anarekodi na simu, na wale ambao hawakufika wakaomba niyaandike wayasome, basi nimeyaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mama Mwenyekiti, mama Mweka Hazina, mama zangu wote mlionitangulia shikamooni, dada zangu na wadogo zangu habari za mchana. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum. Na wenyeji wetu wa hapa mliotupokea, mbukwenyi.

Mama Mwenyekiti alinipigia wiki iliyopita akaniambia mwaka huu tumepokea wanachama wapya wengi kuliko mwaka wowote, na wengi wao wamehamia hapa juzijuzi, wengine mume yuko hapa na yeye bado anaenda na kurudi Dar, wengine yeye ndo kahamishiwa hapa na mume kabaki na watoto, akasema naomba uongee nao kabla hatujagawana hela maana hela ikishagawanywa hakuna atakayekaa kusikiliza. Nimekubali kwasababu hili jambo la familia kuhama limenikaa moyoni miaka mingi, na kwakweli nikiona mama mgeni anashusha vyombo mtaani kwetu huwa nasimama namwangalia, najua anachokwenda kukutana nacho.

Nina jambo moja tu jamani. Mimi ninavyoona, familia nyingi humu hazikuumizwa sana na kuhama kwenyewe. Zimeumizwa na kuishi miaka na miaka mguu ndani mguu nje, mwili uko Dodoma na roho iko Tandika kule Dar, hela ya maendeleo inasubiri, kabati linasubiri, urafiki na jirani unasubiri, kila kitu "tukishatulia", na huko kutulia hakufiki maana hakuna aliyekuambia kwamba kutulia unakuanzisha mwenyewe.

Tukumbuke tu tulikotoka. Hili la serikali kuhamishia makao makuu Dodoma halikuanza jana, chama cha TANU kilipitisha mwaka 1973 Mwalimu Nyerere yupo, wengi tuliokaa hapa tulikuwa hatujazaliwa. Kuna watu waliajiriwa serikalini wakiwa vijana wakaambiwa tutahamia Dodoma, wakafanya kazi mpaka wakastaafu wakiwa palepale Dar. Baba mkwe wangu Mungu amrehemu alikuwa mmoja wao. Kwahiyo Julai 2016 Rais Magufuli alivyosimama hapahapa akasema serikali yake inahamia, majumbani kwetu watu wengi walisema aah, wimbo ule ule. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu akawa ameshahama. Hapo ndo watu walianza kuangaliana, na barua zikaanza kutoka wizarani, majina kwa majina, tarehe ya kuripoti hii hapa.

Kwetu ilifika barua ya baba watoto. Sasa muielewe nyumba yenyewe ilivyokuwa. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, mwakani ana mtihani. Bibi yao, yaani mama mkwe wangu, tunakaa naye. Mimi nina cherehani mbili na ovaloki kwenye kibaraza pale Tandika, wateja wa miaka, kuna akina mama nimewashonea za kitchen party zao nikawashonea na sare za watoto wao. Tukakaa tukaamua baba atangulie, sisi tufuate mtoto akimaliza la saba. Ulikuwa uamuzi wa maana, hata leo ningekaa kikao kile ningepiga kura ileile. Ila hakuna aliyetuambia maisha yale yanavyofanya kazi kwa ndani.

Nilipokuja kumtembelea mara ya kwanza nikakuta chumba chake kina godoro chini, mtungi mdogo wa gesi, sufuria moja na kikombe kimoja, na lile begi aliloondoka nalo Dar liko chini ya dirisha, nguo zinatolewa humohumo na kurudishwa humohumo. Nikamuuliza mbona hujanunua hata kabati la plastiki, akasema la nini, si nyie mnakuja. Nikaja tena miezi imepita, begi lipo palepale. Wenzake aliopanga nao nyumba moja wote ni baba za watu, wote ni hivohivo, Ijumaa mchana wanaangalia saa, jioni wako kwenye basi, masaa nane na zaidi barabarani, wanafika usiku watoto wamelala, Jumapili mchana wanaaga. Mtu anakuwa mgeni hapa na anakuwa mgeni kwake. Mtoto wangu mdogo ilifika mahali anamwomba baba yake ruhusa ya kuwasha tivii, kwa adabu kabisa, vile unavyomwomba mjomba aliyekuja kusalimia. Baba yake alicheka pale sebuleni, lakini usiku hakulala, na mimi sikulala.

Mkubwa alipomaliza la saba tukafunga mizigo. Mdogo tukamfuatilia uhamisho, barua ya shule, ile namba yake ya prem ya kumtambulisha mwanafunzi, nenda rudi. Fuso likapakiwa usiku, bibi akakaa mbele na dereva kwasababu ya miguu.

Na hapa nyie wageni nawaambia ukweli, miezi ya mwanzo ni vitu vidogo ndo vinakutoa machozi. Nilidhani nitalia kwa kukumbuka watu, kumbe nimelia kwa sababu ya maharage. Maji ya hapa tunayajua, ya kisima yana chumvi yake, sabuni unasugua povu haliji, na maharage yanakaa jikoni mpaka mkaa unaisha na bado hayajaiva, watoto wanauliza mama tunakula saa ngapi. Nimesimama pale uani na ule upepo unarusha vumbi kwenye nguo nilizoanika, mdogo anatoka damu puani kwasababu ya ukavu, nikakaa chini nikalia. Jirani yangu mmoja mwenyeji akaniona toka ng'ambo ya ukuta, hakuniuliza kitu, akaniambia mama loweka usiku kwa maji ya mvua ukiwa nayo, na mtoto mpake mafuta puani akilala. Akaenda zake. Yule mama ntamrudia.

Sasa bibi. Huyu nataka nikae naye kidogo.

Bibi yetu Tandika alikuwa anachoma vitumbua, asubuhi yote watu wa mtaa ule wanapita kwake, dereva bodaboda, watoto wa shule, mama anayewahi sokoni, wote wanamjua na yeye anajua nani anaumwa, nani kapata kazi, nani mke kaondoka. Alivyokuja hapa tukamwambia mama sasa umezeeka pumzika, umefanya kazi sana. Tulisema kwa mapenzi. Akapumzika. Akawa anakaa kwenye kiti kile cha sebuleni kaangalia mlango, hasemi vibaya, hagombani, anakula kidogo, akiulizwa anasema niko salama wanangu. Hospitali wakapima presha wakapima sukari, wakasema hana kitu kikubwa. Mimi ni mtoto wa kike nimelelewa na wazee, nikaona huyu mtu anazimika mbele yetu.

Siku moja nikatoa kwenye boksi lile chuma lake la vitumbua, bado lilikuwa limefungwa gazeti la Dar, nikaliweka mezani tu bila kusema. Akaliangalia. Akaanza kulifungua, akapitisha kidole kwenye kila shimo, akasema hili limeshika kutu kidogo, niletee mafuta. Jioni ile akaloweka mchele. Shida ikawa nazi, hapa nazi inatoka Pwani na bei yake unaijua, kitumbua kimoja kingeuzwa bei ya maandazi mawili. Akanuna siku kama mbili hivi. Halafu akaamka na akili nyingine akasema hapa maziwa si yapo, tujaribu maziwa na iliki iongezwe. Vya kwanza vilishika chini, vya pili vikatoka, kaviweka kwenye bakuli akafunika na kitambaa akaniambia mpelekee yule mama wa ukutani, na nyumba ile ya geti la bluu, na kwa mjumbe.

Ndani ya miezi michache mtaa mzima unamwita bibi vitumbua. Mimi nimekaa pale mtaani muda wote huo nilikuwa mke wa yule baba wa wizarani, sina jina. Baada ya vitumbua nikawa mama fulani mkwe wa bibi vitumbua, na wateja wa cherehani wakaanza kuja mlangoni kwangu wakiwa wameshika kitumbua mkono mmoja na kitenge mkono mwingine. Wengine wanataka masweta ya shule ya watoto kwasababu hapa asubuhi za Juni na Julai ni baridi, kazi ambayo Dar sikuwahi kuiota. Mama yule mzee mwenye miguu mibovu ndiye aliyetuhamisha sisi wote. Baba watoto na cheo chake hakuweza, mimi na ujanja wangu wa mjini sikuweza.

Ndo maana nawaambia, mkimleta mzazi huku msimpumzishe mpaka akazimika. Mzee anataka heshima, sawa, lakini anataka pia pa kuweka mikono yake. Muulizeni alikuwa anafanya nini kule, kuku, ukili, bustani ya mchicha, kwaya, chochote, na kiwe cha kwanza kufunguliwa mizigo ikishuka, kabla ya tivii.

Halafu ukaja msiba. Baba yangu mzazi alifariki kwetu Njombe, simu ikapigwa usiku wa manane. Nilipiga ukunga mmoja tu. Nilikuwa najiuliza hata katika kulia, hapa nani atakuja, ndugu wote wako mbali, wale watu wangu wa Tandika waliozika na mimi na kuzaa na mimi wako Tandika. Alfajiri kabla hakujakucha vizuri nasikia geti linagongwa, akina mama wameingia na ndoo za maji vichwani, mmoja kabeba jiko, mwingine kabeba unga, vijana wanashusha turubai na viti, mjumbe kaja na daftari la rambirambi kakaa chini ya turubai anaandika. Hakuna aliyeniuliza umehamia lini. Yule mama wa ukutani akachukua watoto wangu wote wawili akasema hawa watakaa kwangu mpaka mtakaporudi, shule watakwenda, usiwaze. Kosta ilipoondoka kwenda Njombe kupitia Mtera na Iringa, mle ndani nilihesabu majirani kuliko ndugu. Watu ambao mwaka mmoja nyuma sikuwa nawajua majina.

Siku ile roho yangu ikashuka mizigo. Nikawa wa hapa.

Kuna kitu lakini kinanikera na lazima nikiseme leo maana wenyeji wetu wako humu na wamenyamaza muda mrefu kwa adabu. Sisi tuliokuja tunaongea sana mabadiliko yetu, vumbi letu, maji yetu ya chumvi, utadhani ni sisi tu tuliobadilikiwa. Jamani. Manispaa hii kwenye sensa ya 2012 ilikuwa na watu 410,956. Aprili 2018 ikatangazwa jiji, na sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179. Hebu fikiria wewe umezaliwa hapa, umelima uwele na mtama na karanga mahali babu yako alipolima, miaka kumi inapita mji umekaribia kuzidisha mara mbili. Yule mama wa ukutani, ninayemsema tangu mwanzo, shamba lao la familia leo ni viwanja, barabara imepita, wamebaki na sehemu waliyojenga. Alinionyesha siku moja tukiwa tunatoka sokoni, akasema hapa kwenye hii fremu ya duka la vipodozi ndo palikuwa na mbuyu tuliokuwa tunapumzikia wakati wa kuamia ndege. Hakusema kwa ubaya. Akaendelea na safari, akaniuliza bei ya vitenge. Na huyo ndo aliyenifundisha kupika maharage na kunilelea watoto wangu wakati wa msiba. Kwahiyo mgeni ukisikia mtu anasema wenyeji wa hapa wamelala, mnyamazishe. Waombe wakuonyeshe kupika mlenda, jifunze kusalimia vizuri, na ukiuziwa kiwanja ulizia kilikuwa shamba la nani, ukipata nafasi ukamsalimie.

Sasa nyie ambao nyumba zenu bado ziko mbili. Siwasemi vibaya kabisa, wengine mna kazi zenu Dar haziwezi kuhama, wengine mama mzazi anahudhuria kliniki kule, wengine mna mkopo wa nyumba, kila mtu na mzigo wake na Mungu anauona. Na usafiri wenyewe siku hizi si ule tulioteseka nao sisi, tangu Julai 2024 treni ya mwendokasi inafika hapa, nauli ya daraja la kawaida ilianza na shilingi 31,000, unapanda Dar baada ya chai unakula chakula cha mchana Dodoma. Nimeshukuru sana, bibi alipanda akaenda kuzika dada yake Dar akarudi miguu haijavimba. Lakini nimeona pia kitu kingine, na naomba mnisikilize kwa upendo. Urahisi wa kwenda na kurudi umewafanya wengine waone hakuna haja ya kukaa chini kuamua. Zamani lile basi la masaa nane lilikuwa linakulazimisha, mwili unachoka mnaulizana hivi tunaendelea mpaka lini. Sasa hivi mwili hauchoki, ndoa ndo inachoka kimyakimya, na watoto wanakua baba akiwa sauti ya simu.

Kaeni chini wewe na mwenzio, mpange. Kama ni miaka miwili ya nyumba mbili basi iwe miwili na watoto waambiwe, mtoto anavumilia kitu kirefu sana akijua kinaisha lini, kinachomtesa ni kule kuambiwa "tutaona". Kama mmeamua kabisa mtakaa mbali mpaka kustaafu kwasababu maisha hayana njia nyingine, hata hiyo semeni wazi, halafu kila mmoja ajenge maisha kamili pale alipo. Baba wa hapa anunue kabati. Awe na jirani, aende jumuiya au msikitini hapa, achange msiba wa hapa. Mama wa kule asikae anahesabu Ijumaa tu. Na mkikutana mkutane kama watu wazima wawili wenye habari za kupeana.

Kuhusu nyumba ya Dar sisemi mengi, kila ukoo una kesi yake. Sisi tulipangisha tukawaambia ndugu mapema na kwa maandishi kwamba pale si kituo tena cha kufikia. Ila mjue ndugu hawapungui, hapa ni katikati ya nchi, mabasi ya Mwanza na Singida na Kondoa na Iringa yote yanapita, kwangu wageni wameongezeka kuliko enzi za Tandika. Nunueni magodoro ya ziada.

Na waume zetu. Nimeona wanaume wengi wamehama bila kuambiwa pole hata siku moja. Yeye ndo amepewa barua kwahiyo kila familia inacholalamikia anaona kosa ni lake, mtoto akitoka damu puani ni yeye, mama yake akinyamaza ni yeye, maji yasipotoka ni yeye. Wa kwangu ilimchukua muda mrefu sana kuniambia kwamba kile kipindi cha begi chini ya dirisha alikuwa anaogopa kununua kabati, kwamba akilinunua atakuwa amekubali tutaishi mbali. Mimi nilidhani ni ubahili. Muulizeni mwenzio, na umuulize mkiwa mnatembea, mwanaume hajibu swali kama hilo ukimkalia mbele.

Mama Mwenyekiti naona unaangalia saa, namaliza. Wanachama wapya naomba kabla hamjaondoka leo mpite kwa mama Mweka Hazina pale mezani, mbali na yale mambo ya hisa muandike mtaa unaokaa, jina la mjumbe wako kama unamjua, na namba ya mtu mmoja wa hapahapa Dodoma anayeweza kupigiwa simu saa nane za usiku akaja. Kama sehemu hiyo huna cha kuandika iache wazi, usione aibu, tumeshakubaliana na viongozi kwamba wote wenye nafasi wazi tutawagawana sisi wa zamani, kila mmoja wetu anachukua mmoja. Na yule dada aliyesema fuso lake linafika Jumamosi kutoka Dar, sisi wanne wa Nkuhungu tutakuwepo asubuhi kushusha vyombo, bibi ameshasema vitumbua ni juu yake. Asanteni sana.